Barua za Mama Zilizorudi

Sehemu ya tisa

"Aliyezizuia barua za mama yako," alisema Tarakimu, "ni mtu wa humu humu ndani."

Hapo ndipo nilipowaachia juma lililopita, na najua wako walioninunia tangu siku hiyo. Haya, yaishe. Tuendelee.

Ila kwanza nimvutie kiti msomaji anayeingia leo. Baharia ni binti mkubwa wa marehemu Mama Makochi, mwenye karakana ya makochi iliyowakalisha watu wa mtaa mzima. Jina la Baharia alipewa na mama yake mwenyewe, kwa hasira, siku alipopata kazi ya uinjinia kwenye meli ya mizigo. Mama alitaka kumwachia karakana. Binti akachagua mabomba na mitambo ya meli. Wakaagana kila mtu kaangalia pembeni.

Kule baharini simu haishiki. Njia pekee ilikuwa barua pepe. Mwanzoni majibu ya mama yalikuja, mafupi, makavu, lakini yalikuja. Kisha yakakatika ghafla, kama maji ya bomba. Baharia akaandika, akabembeleza, akakasirika. Kimya. Meli ilipotia nanga akapiga simu kwa jirani, na jirani ndiye aliyemwambia kwamba mama amezikwa.

Alipofika nyumbani, mdogo wake wa kiume, ambaye tangu utoto anaitwa Bosi, alimsubiri mlangoni. Akamwambia mbele ya watu wa msiba: "Tulikuandikia mpaka vidole vikaota sugu. Umenyamaza. Sasa umekuja kumzika nani?"

Ndiyo sababu asubuhi hii Baharia amemleta Tarakimu, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, fundi wa kompyuta, aipekue kompyuta ya ofisini. Na Tarakimu, msomaji, amepekua.

"Mtu wa humu ndani," Baharia alirudia. "Nani? Wifi?"

"Si wifi yako."

"Basi Bosi."

Tarakimu alivua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ni Bosi. Lakini hakujua."

"Hakujua! Barua za mgonjwa zinazuiwa na mtu asiyejua?"

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nisikilize mpaka mwisho. Ukinikatiza nitakosea, na jambo hili sitaki kukosea."

Baharia alisimama. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kidogo juu ya ngazi ya mbao, kimejaa vipande vya vitambaa vya kuonyeshea wateja. Chini mafundi walikuwa wakipigilia, na bunduki ya pini, ile ya kubania vitambaa kwenye mbao, ililia ta-ta-ta, ikanyamaza, ikalia tena.

"Seva yenu, hii inayotuma barua, ina anwani yake," Tarakimu alianza. "Kama nyumba ilivyo na namba. Sasa barua ikitoka hapa kwenda kwenye meli yako, inakuta bawabu mlangoni. Si mtu, ni programu. Bawabu huyo hata barua haifungui. Anauliza tu umetoka nyumba gani. Halafu anatazama orodha nyeusi, orodha ya nyumba zinazojulikana kwa kumwaga barua taka. Akiikuta nyumba yenu humo, basi. Mlango unafungwa."

"Mama yangu alimwaga barua taka? Mama aliyekuwa akichapa kwa kidole kimoja?"

"Mama hapana. Lakini mama na Bosi walitokea mlango mmoja."

Akageuza skrini. Baharia aliona tangazo lenye rangi za kupiga kelele. Makochi ya kisasa. Kalia ufalme. Wahi sasa. Chini yake kulikuwa na anwani za watu, na Tarakimu aliposhusha ukurasa zikaendelea kushuka, zikashuka, mpaka Baharia akaona kizunguzungu.

"Amewatoa wapi watu wote hawa?"

"Alizinunua anwani mtandaoni. Watu wenyewe hawajui hata kama kuna karakana inaitwa hivi. Humo kuna waliohama kazi, kuna waliokufa, na kuna mitego."

"Mitego ya nini?"

"Anwani zisizo za mtu. Hazijawahi kumwandikia yeyote, wala kuomba tangazo la yeyote. Zimewekwa zingoje tu. Atakayeziandikia amejianika mwenyewe kwamba anaokota anwani jalalani. Bosi alizikanyaga kadhaa kwa mpigo mmoja. Nyumba yenu ikaingizwa kwenye orodha. Na juma lile lile, shoga yangu, ndipo majibu ya mama yako yalipokatika."

Baharia alishika ukingo wa meza.

"Lakini makochi yanauzwa. Wateja wanaandikiwa na wanajibu. Iweje nifungiwe mlango mimi peke yangu?"

"Si kila mlango una bawabu mkali. Wengine wanafungua ovyo. Kampuni ya meli haifungui ovyo, kwa sababu mtandao wenu unapita angani na ni mwembamba kama uzi. Wakiruhusu takataka, meli nzima haipati barua. Ndiyo maana hapa hakuna aliyeshtuka. Biashara ilikwenda."

"Na barua ikikataliwa? Haisemi? Inakufa kimya kimya?"

Swali zuri hilo. Nadhani hata wewe ulitaka kuliuliza.

Tarakimu alirudisha miwani usoni.

"Inasema," alisema. "Inarudi na taarifa. Nimekataliwa, kwa sababu hii na hii."

"Basi mama angeona!"

"Angeona. Lakini Bosi alipomwaga matangazo, taarifa za kukataliwa zilirudi kama mvua. Zikamjazia kila kitu. Akaona kero. Akaiamuru kompyuta kila taarifa ya aina hiyo iende moja kwa moja kwenye jalada la pembeni, isionekane na mtu. Alidhani anafagia uchafu." Tarakimu akaonyesha jalada lenyewe. "Ufagio hauchagui. Ulifagia na za mama."

Chini bunduki ya pini ililia tena. Safari hii Baharia aliruka kidogo, kama imempiga yeye.

"Zifungue," alisema.

"Una uhakika?"

"Tarakimu. Zifungue."

Sasa ndugu msomaji, twende polepole hapa. Mambo mengine hayataki mbio.

Ya kwanza ilikuwa fupi. Mama Makochi hakuwa mtu wa herufi kubwa wala nukta, aliandika kama anavyoongea, akivuta pumzi pale tu pumzi ilipomwishia.

*baharia wangu hivi meli yenu ina mabomba mangapi hapa bomba la jikoni linavuja na fundi ananizungusha kila siku kesho ningekuwa na mtoto injinia ningemwita lakini nasikia yuko baharini anawatengenezea watu wengine*

Baharia alicheka. Kilimtoka kicheko cha ghafla, cha puani, na kabla hakijaisha kikageuka kitu kingine, akafunika mdomo kwa mkono.

"Nyingine."

*nilisema maneno siku ile ulipoondoka nilisema nitakufa na karakana itakufa na wewe utakuwa ndiye uliyetuua hayo maneno hayakutoka moyoni yalitoka mdomoni tu nilikuwa naogopa mwanangu karakana ni mbao na sponji wewe ndiye mwanangu nisamehe unijibu*

Hakujibu. Angejibuje? Siku ile ile mama alipokuwa akiomba msamaha, Baharia alikuwa chini kwenye chumba cha mitambo, masikio yamezibwa kwa sababu ya kelele, anajiambia kwamba mama yake ana moyo wa jiwe. Na jioni yake alipanda juu akaandika barua. Anaikumbuka neno kwa neno. Aliandika: *Mama, kama umeamua kunyamaza, nami nitanyamaza. Tuone nani ataanza.*

Hiyo ilifika. Za kwake zote zilifika. Orodha nyeusi huzuia zinazotoka, haizuii zinazoingia.

"Alinijibu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ile niliyosema tuone nani ataanza. Alinijibu?"

Tarakimu alibonyeza tu.

*mwanangu nimeisoma barua yako nimeisoma tena na tena sikunyamaza mimi kila unapoandika najibu siku hiyo hiyo mdogo wako anasema zinafika ila wewe hutaki kusoma umenuna mimi nimemwambia hapana hazifiki nakujua wewe huwezi kusoma neno la mama yako ukalala usingizi ungezisoma ungekuwa umeshafika hapa mlangoni na begi lako na makelele yako sijui zinapotelea wapi mimi si mtaalamu nitaendelea kuandika huenda siku moja moja itapenya moyo unanisumbua kidogo lakini usijali*

Baharia alikaa.

Alikaa sakafuni, palepale, mgongo kwenye rundo la vitambaa. Juma zima la msiba alikuwa amesimama wima kama nguzo, watu wakamsema hana machozi, shangazi mmoja akamwita chuma. Sasa chuma kiliyeyuka. Alilia bila sauti kwanza, mabega yakiruka, kisha na sauti, na Tarakimu akashuka kwenye kiti akakaa naye pale chini akamshika kichwa.

"Alijua," Baharia alisema katikati ya kwikwi. "Tarakimu, alijua. Hakufa ananichukia."

"Hakukuchukia hata siku moja. Umesoma mwenyewe."

"Huyu mshenzi alimwambia mimi nimenuna. Mama anaumwa, ananitetea, na huyu anamwambia nimenuna!" Aliinuka. Uso wake ulikuwa umeloa lakini macho yalikuwa yamekauka ghafla, na Tarakimu aliyajua macho hayo tangu shuleni. "Yuko wapi? Yuko chini? Leo atanieleza mbele ya mafundi wake, kama alivyonieleza mimi mbele ya watu wa msiba."

Akaushika mlango.

"Baharia. Subiri."

"Usinizuie."

"Sikuzuii. Kuna nyingine."

"Nitaisoma nikirudi."

"Si ya kwako."

Mkono wa Baharia ulibaki kwenye kitasa.

Tarakimu alikuwa amerudi kwenye kiti. Hakuwa akimtazama rafiki yake, alikuwa akitazama skrini kama mtu anayetamani asingejua kusoma.

"Bosi aliiandika. Ilikuwa inakwenda hospitali ya rufaa. Ile ya upasuaji wa moyo."

Hapa nikukumbushe, maana wifi alilisimulia jambo hili msibani, akiwa jikoni. Daktari wa zahanati alimpima Mama Makochi akasema kuna mlango mmoja wa moyo umelegea, lakini unatengenezeka. Hospitali ya rufaa wanatengeneza kila siku. Tumeni majibu ya vipimo kwa barua pepe, alisema, mtaitwa mkapewe tarehe. Wakatuma. Wakangoja waitwe. Bosi alipiga simu, mpokezi akamjibu kwa haraka kwamba waliotuma wote wataitwa kwa zamu, wasijaze laini. Wakaendelea kungoja. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatuliza: waacheni, wana wagonjwa wengi, na mimi nitafikiwa.

Hakufikiwa. Alianguka jikoni akiwa ameshika sufuria.

"Usiniambie," Baharia alisema.

"Ilikataliwa, kwa sababu ile ile. Akatuma tena, ikakataliwa tena. Hospitali hawakuwahi kuiona. Hawakujua kama kuna mtu anaitwa mama yako."

Huko nje kulikuwa na mtu anacheka barabarani. Dunia ina namna yake ya kutokuwa na adabu.

Baharia aliachia kitasa. Hasira yote aliyokuwa ameibeba kuishusha chini ilikosa pa kutua. Kumwambia mdogo wako kwamba alimnyima mama barua za mtoto wake, hilo analiweza, tena kwa sauti ya juu. Lakini hili lingine? Utalianzaje? Utasema bwana mdogo, yale makochi uliyoyatangaza kwa watu waliokufa, ndiyo yaliyomfungia mama yetu mlango wa hospitali?

"Anajua?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Hawezi kujua. Hajalifungua jalada hili hata mara moja."

Ngazi ililia.

Nyayo nzito, za mtu mwenye haraka. Tarakimu alibonyeza, barua ya hospitali ikatoweka, zikabaki za mama. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

Bosi alisimama kizingitini, mnene, kijana bado, unga wa mbao kwenye nyusi. Alimtazama dada yake, akamtazama Tarakimu, akatazama kompyuta.

"Nani amekuruhusu kugusa kompyuta ya kazi?"

"Njoo usome," Baharia alisema.

"Nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekwambia njoo usome."

"Huna haya, dada. Umekuja na fundi upekue mali kabla hata majani ya kaburi hayajakauka. Sema unachotaka. Unataka mgawo? Chukua! Chukua karakana yote, si mama alikutaka wewe? Maisha yake yote alikutaka wewe! Mimi nilikuwa hapa, nimemshika mkono, yeye anauliza Baharia kajibu?"

"Bosi. Soma."

Kuna kitu kwenye sauti ile kilimfanya afunge mdomo. Alisogea. Akainama mezani. Alisoma ile ya bomba la jikoni na midomo yake ikacheza. Alisoma ile ya msamaha. Kisha akasoma maandishi yaliyobandikwa juu ya kila barua, yale ya mashine, na hakuyaelewa.

"Hii nini, hapa juu? Imekataliwa nini?"

Tarakimu akamweleza, kwa upole kuliko alivyomweleza Baharia. Bawabu, orodha nyeusi, mitego, ufagio. Bosi alisikiliza huku akitikisa kichwa kama anayekataa chakula.

"Hapana. Zilitumwa. Niliona kwa macho yangu, kila moja imeandikwa imetumwa."

"Imetumwa maana yake imetoka. Si kwamba imefika."

"Hapana," alisema tena, lakini mara hii hakuwa akimwambia Tarakimu.

Alinyoosha kidole akagusa skrini, pale palipoandikwa *mdogo wako anasema zinafika.*

"Aliniambia," alisema. "Mama aliniambia. Alikuwa amekaa kwenye lile kochi lake la kijani, akasema Bosi, barua zangu hazifiki, mtoto huyu siyo wa kunyamaza hivi. Nikamwambia mama umezeeka, hujui mambo ya kompyuta. Nikamwambia mwanao ana kiburi, amepata fedha za meli ametusahau. Alinitazama tu. Akasema sawa, mwanangu." Uso wake ulianza kuvunjika, kuanzia kidevuni. "Alisema sawa, mwanangu."

Akapiga magoti. Si kwa kuomba, miguu tu iligoma. Mtu mzima, mwenye mafundi chini yake, alilia kwa sauti ya ng'ombe, na bunduki ya pini huko chini ikanyamaza kabisa.

Baharia alikuwa ameliandaa tusi. Lilikuwa limekaa mdomoni tangu asubuhi, tayari. Alimwangalia mdogo wake pale chini, akaona shingo ile ile aliyokuwa akiifuta jasho wakicheza uani wakati mama anashona. Tusi likayeyuka.

Akapiga magoti naye. Akamshika shingo.

"Nilikuaibisha mbele za watu," Bosi alisema.

"Uliniaibisha."

"Nilisema umekuja kumzika nani."

"Nalikumbuka. Nyamaza sasa."

"Nilitaka wateja, dada. Mama alikuwa amechoka kushona, nilitaka tupate wateja wengi apumzike. Ndiyo hivyo tu."

"Najua."

"Sikujua."

"Najua hukujua, mdogo wangu. Hakuna aliyejua."

Wifi alikuwa amepanda ngazi aliposikia kilio. Alisimama mlangoni na kitambaa cha mikono begani. Alipoona mtu na dada yake wamekumbatiana sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, naye akaanza kujifuta macho.

Ningeweza kuishia hapa. Wangapi wangenishukuru! Lakini hadithi si yangu peke yangu, na Bosi hakuwa mjinga.

Aliacha kulia taratibu. Akajifuta pua kwa mkono. Akabaki anatazama sakafu, na Baharia akahisi mabega yale yakikakamaa chini ya mkono wake, kidogo kidogo.

"Dada."

"Naam."

"Kama za mama kuja kwako zilirudi..." Aliinua kichwa. "Ile ya hospitali?"

Baharia aliondoa mkono begani mwake.

"Ile ya vipimo," Bosi alisema. "Niliituma kutoka hapa hapa. Ilifika?"

Msomaji, ungekuwa wewe ungesemaje? Usijibu haraka. Mweke mdogo wako mbele yako, macho mekundu, unga wa mbao usoni umegeuka tope. Anakuomba umwambie kama amemuua mama yake.

Baharia alimtazama Tarakimu. Tarakimu akatazama vidole vyake.

"Ilifika," Baharia alisema.

"Ilifika?"

"Hospitali hawakuwa na orodha hiyo. Ilifika."

Bosi akamgeukia Tarakimu. "Kweli? Wewe ndiye fundi. Ilifika?"

Na Tarakimu, aliyepewa jina lake kwa kutokosea hesabu, ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata kuhusu waya, aliinamisha kichwa.

"Ilifika," alisema. "Siku ile ile."

Bosi alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha, na Baharia akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba uongo umepatikana na umefanya kazi yake. Akafikiria kwamba atalifuta lile jalada lote, leo leo, abaki na zile za mama tu. Atakufa nalo jambo hili. Tarakimu naye atakufa nalo.

Bosi alisimama. Akajikung'uta magoti. Uso wake ulikuwa umetulia, umetulia mno.

"Kwa hiyo waliiona," alisema.

"Bosi..."

"Waliisoma. Vipimo vya mama yangu viliwekwa mezani, wakaviona, wakavisukuma pembeni. Na mimi napiga simu kama mjinga, naambiwa ngoja zamu yako."

"Hatujui ilikuwaje. Labda wagonjwa walikuwa wengi."

"Mimi nimeua barua, dada. Nimekubali. Nitalibeba mpaka nife." Alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. "Lakini wao wameua mtu. Na yule daktari mkuu wa moyo namjua sura. Nilimwandikia yeye mwenyewe, nikamwita baba, nikamwambia baba nisaidie. Akanisoma akanyamaza."

"Mdogo wangu, kaa chini tuzungumze."

"Umeshazungumza. Ilifika, umesema."

Akampita wifi mlangoni bila kumtazama. Ngazi ikalia chini yake, haraka, haraka.

Wifi akageuka. "Anakwenda wapi? Baharia, anakwenda wapi?"

Baharia alikuwa ameshaanza kukimbia. Aliruka vidato, akateleza kwenye vipande vya sponji, akainuka. Mafundi walikuwa wamesimama kimya, kila mmoja na nyundo yake mkononi. Huko nje injini ya pikapu iliwaka.

"Bosi!" Alifika barabarani gari likiwa tayari limeshika lami. Aliukimbilia moshi wake. "Haikufika! Bosi, haikufika! Nilikudanganya, haikufika!"

Watu wa maduka ya jirani walitoka kutazama. Pikapu ilikata kona bila hata kupunguza mwendo.

Alirudi akihema, simu sikioni. Ilikuwa inaita. Iliita huko alikosikiliza na iliita pia mle ndani ya karakana, juu ya meza ya kukatia vitambaa, simu ya Bosi ikitetemeka yenyewe katikati ya chaki na mikanda ya kupimia.

Pembeni ya meza hiyo alisimama wifi. Hakuwa akiiangalia simu. Alikuwa anapapasa chini ya vitambaa, anainua hiki, anainua kile.

"Baharia," alisema, "mkasi mkubwa wa mama ulikuwa hapa sasa hivi. Nani ameuchukua?"